UBAO WA MWALIMU: Kabla ya kumtoza mama faini, tupime bomba

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kukinga madaftari na mvua, na nawashukuru wale mama walioniletea mifuko ya plastiki hadi mlangoni mwa darasa. Mwezi huu habari ni nzito kidogo. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Wengi mmesikia pendekezo lililotolewa kwenye mkutano wa mtaa. Nyumba yoyote ambayo mtoto wake atafikishwa kituo cha afya na ugonjwa wa kuhara, itoe faini ya shilingi 2,000, na pesa hiyo inunue sabuni ya mtaa. Watu walipiga makofi. Sababu iliyotajwa ilikuwa moja tu, uchafu. Eti kuna mama hawajui usafi, ndio wanatuletea magonjwa. Mambo bado hayajapitishwa, yatarudi mkutano ujao. Mimi ni kijana, na pale wazee walikuwa wengi wenye maneno, kwa hiyo nimeona niandike.

Wazee wana haki kwa jambo moja. Usafi ni lazima, kunawa mikono ni lazima, na mtu anayetupa kinyesi cha mtoto kichakani anatuumiza wote. Hilo hakuna mwalimu atakayelipinga. Lakini faini inasema zaidi ya hapo. Inasema mtoto akiugua, kosa liko ndani ya nyumba ya mama yake. Mimi nafikiri mara nyingi kosa liko njiani, kati ya ile nyumba na bomba.

Nitawapa habari moja ya zamani ambayo napenda kuwaeleza wanafunzi wa P.5. Ni ya mji wa London, Uingereza, mwaka 1854. Mwisho wa mwezi wa nane, kipindupindu (wengine tunasema kolera) kiliingia mtaa mmoja wa watu wengi na vyumba vidogo, unaoitwa Soho. Kwa wiki chache walikufa watu zaidi ya 600. Wakati ule wakubwa wengi, hata waganga, waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa mbaya, ile harufu inayotoka kwa maskini. Yaani maneno yalikuwa kama haya yetu: hawa watu ni wachafu, ndiyo maana wanakufa.

Daktari mmoja, John Snow, hakuuliza nani mchafu. Aliuliza kila nyumba iliyofiwa, maji mnachota wapi? Karibu wote walitaja pampu moja, ya barabara ya Broad Street. Pale karibu kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakufa hata mmoja, kwa sababu kiwanda kilikuwa na kisima chake na watu walikuwa wanapewa bia. (Baba zangu, msichukue hii kama ruhusa.) Tena kulikuwa na mama mjane aliyehamia Hampstead, mbali na pale, mahali pazuri pasipo na ugonjwa. Yeye alikuwa anapenda ladha ya maji ya ile pampu, basi akawa analetewa chupa kila siku. Akafa na kolera huko huko kwenye hewa yake nzuri. Snow akapeleka habari hizi kwa viongozi wa mtaa, na tarehe 8 mwezi wa 9 wakaondoa mpini wa pampu. Ugonjwa ulikuwa tayari unapungua, lakini bila mpini hakuna aliyeweza kuchota pale.

Watu wengi wanaojua habari hii wanaishia hapo. Mimi sehemu ninayoipenda ni inayofuata. Kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, hakumwamini Snow mwanzoni. Akaanza kutembea nyumba kwa nyumba ili aonyeshe kwamba daktari amekosea, na kumbe yeye ndiye akapata mwanzo wa mambo yote. Katika nyumba namba 40, iliyo mbele kabisa ya pampu, kulikuwa na mtoto mchanga aliyeanza kuhara kabla ya wengine. Mama yake alifua nepi zake kwenye ndoo, na maji yale akamwaga kwenye shimo la maji machafu la nyumba. Mama gani hapa hajafanya hivyo? Amefua, amemwaga shimoni. Lakini walipochimba wakakuta lile shimo liko chini ya mita moja kutoka kisima, na matofali yake yameoza. Maji ya shimo yalikuwa yanaingia kisimani.

Sasa tumweke mama yule kwenye mkutano wa mtaa wetu. Tungemtoza shilingi 2,000, tungepiga makofi, tungerudi nyumbani. Na shimo lingeendelea kuvuja.

London iliendelea kunuka miaka mingine mpaka kiangazi cha 1858, mto wao ukanuka hadi ndani ya jengo la Bunge. Hapo wakubwa wakakumbuka! Sheria ikapita haraka, pesa ikatoka, na kuanzia 1859 injinia Joseph Bazalgette akaanza kujenga mitaro mikubwa chini ya ardhi ya kupeleka maji machafu mbali na mji. Mwaka 1866 kolera ikarudi. Safari hii iliua watu zaidi ya 5,000, na karibu wote walikuwa upande wa mashariki, kwa maskini, ambako mitaro ilikuwa bado haijakamilika na kampuni ya maji iliwapa maji ya mto yasiyochujwa vizuri. Sehemu zilizokuwa zimeshaunganishwa zilipona. Watu wa mashariki na wa magharibi walikuwa wa mji mmoja, na Mungu wao mmoja. Tofauti ilikuwa karatasi ya wakubwa, nani aanze kujengewa na nani asubiri.

Mtaniuliza, mwalimu, London inatuhusu nini? Basi tuje nyumbani. Wengi wetu tulivuka Ziwa Albert kutoka Ituri mwanzoni mwa 2018 na kushukia Sebagoro. Mnakumbuka kolera ya Februari ile. Katika wilaya ya Hoima waliugua watu zaidi ya 2,000, na zaidi ya 40 walifariki. Pale ufukweni watu walikunywa maji ya ziwa, na vyoo vilikuwa vichache sana hata kwa wavuvi wenyeji, sembuse na sisi maelfu tulioongezeka kwa wiki chache. Mama zetu hawakuacha usafi wao upande wa pili wa ziwa. Waliacha nyumba, visima, vyoo na sabuni.

Wazee zaidi wanakumbuka Goma, Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda waliingia zaidi ya nusu milioni kwa siku chache, wakawekwa juu ya mwamba wa volkano ambako kuchimba choo ni kama kuchimba chuma, na maji safi hayakutosha. Kwa mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kolera na kuhara damu. Kati ya wale kulikuwa na walimu, wauguzi, mama wasafi kuliko sisi wote. Usafi wao ungewasaidia nini pasipo maji?

Baada ya aibu ile, mashirika ya misaada yalikaa yakajiuliza, na mwaka 1997 yakaanzisha mpango unaoitwa Sphere, wa kuandika kiwango cha chini ambacho mtu aliyekimbia anastahili kupata. Kitabu hicho kipo, na kinaeleza mambo kwa hesabu. Naomba myakate maneno haya myabandike ukutani. Kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Bomba lisiwe mbali zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani. Bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Foleni isizidi nusu saa. Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Hizi si ndoto za mwalimu, ni kiwango ambacho mashirika yenyewe yamejiwekea.

Wanafunzi wangu nimewapa hesabu hii ubaoni, na wameipata vizuri kuliko nilivyotegemea. Tuchukue mtaa wenye watu 1,200 na mabomba 2. (Sitaji mtaa, kila mmoja ajue mwenyewe unafanana na upi.) Kila bomba lina watu 600. Bomba likitoa maji vizuri, lita 7 na nusu kwa dakika, jerikani ya lita 20 inajaa kwa karibu dakika 3. Watu 600 wakipata lita 15 kila mmoja, inatakiwa lita 9,000. Gawa kwa 7 na nusu. Jibu ni dakika 1,200, yaani saa 20 bomba likikimbia bila kupumzika, bila mtu kugombana, bila jerikani kubadilishana nafasi.

Lakini bomba linafunguliwa saa 6 tu kwa siku. Saa 6 ni dakika 360. Zinatoka lita 2,700. Gawa kwa watu 600, unapata lita 4 na nusu kwa mtu. Nyumba ya watu saba inayostahili lita 105, yaani jerikani tano na robo, inapata jerikani moja na nusu. Hiyo moja na nusu ipike, ioge, ifue, iwanywesheni, ioshe vyombo, halafu mtoto akihara ifue na nguo zake, na mikono inawiwe mara tano kwa siku kama bango la kituo cha afya linavyosema.

Mwanafunzi mmoja, msichana, alimaliza hesabu akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, kwa hiyo hata tukiamka saa nane za usiku, haitoshi?" Nikamwambia ndiyo, haitoshi. Si juu ya uvivu. Namba zimekataa.

Hilo linanifikisha kwenye rejista yangu. Asubuhi za Jumatatu na Jumanne wanaochelewa ni wengi, na wengi wao ni wasichana. Wanakuja saa tatu, mabega yamelowa, wamebeba kilo 20 tangu alfajiri. Wakikaa wanasinzia. Halafu kwenye mtihani tunasema wasichana wa mtaa ule hawana akili. Ni ugonjwa ule ule wa kutafuta kosa ndani ya mtu, wakati kosa limesimama wazi barabarani.

Kuna watakaosema, tatizo ni dawa, tuongezewe dawa na waganga. Dawa tunazihitaji, sikatai. Ila mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani, iliyoongozwa na daktari Michael Marmot, ilitoa ripoti yenye mfano wa mji wa Glasgow, Uskoti. Nchi tajiri, hospitali ni za serikali, mgonjwa halipi. Lakini mtoto wa kiume wa mtaa wa maskini unaoitwa Calton alitarajiwa kuishi miaka 54, na wa Lenzie, kilomita chache tu kutoka pale, miaka 82. Kwa jirani na jirani, tofauti ni miaka 28. Kama hospitali peke yake ingetosha, wangelingana. Kazi, nyumba, chakula, shule, mtu anaishije kila siku, hayo ndiyo yanaamua nani atafika kituo cha afya na nani hatafika kabisa.

Hata hapa Uganda tunajua sheria inavyoingia mwilini mwa mtu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 imeturuhusu kutembea na kufanya kazi, na tunatibiwa kwenye vituo vile vile na wenyeji. Mama anayelima maharagwe kwenye kipande chake au kuuza nyanya sokoni anaweza kuongeza kitu kwenye sahani. Ndugu zetu wa nchi nyingine, wasioruhusiwa kutoka kambini, hawana hilo. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi, nyumba nyingi zilishuka. Mtoto aliyepungukiwa chakula akiharisha anaumia haraka kuliko aliyeshiba. Na sasa hiyo shilingi 2,000 ya faini itatoka wapi? Itatoka kwenye sahani hiyo hiyo. Tutachukua chakula cha mtoto mgonjwa tununue sabuni, na sabuni yenyewe haina maji.

Lakini kuna hatari kubwa kuliko zote, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Mama akijua kwamba kufika kituo cha afya kunamletea faini na jina lake kusomwa mkutanoni, hatafika. Atamficha mtoto. Atangoja usiku, atamwita mtu wa mizizi, atasema ni meno yanaota. Kolera inaweza kuua kwa saa chache. Mtoto mdogo hana akiba ya maji mwilini. Na mtoto akifichwa, wahudumu wa afya wa kijiji hawatajua ugonjwa umeingia, maji ya mtaa hayatapimwa wala kutiwa dawa, na mpaka watu wajue, tayari nyumba kumi. Faini haitapunguza kuhara hata kidogo. Itapunguza habari za kuhara, na kwenye karatasi tutaonekana wasafi sana.

Nikiwa hapo, niweke jambo la haraka kwa mama na baba. Mtoto akianza kuhara, usimnyime maji na usimnyime ziwa. Mpe ORS. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa juu, koroga, mnyweshe kidogo kidogo, na bado nenda kituo cha afya. Chumvi isizidi.

Sasa mkutano ujao tuseme nini? Baba mwenyekiti ninamheshimu, na najua pendekezo limetoka kwa mtu aliyechoka kuzika watoto. Lakini mwenyekiti ana nguvu kidogo tu ya kumbana mama, na ana nguvu kubwa zaidi ya kusimama kwa wanaosimamia maji akiwa na namba mkononi. Bomba jipya linahitaji pesa, na litachukua muda, sitaki kuwadanganya. Kufungua bomba saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja hakuhitaji bomba jipya. Inahitaji mtu wa ufunguo, na mtaa unaweza kumchagua na kumlinda. Kuongeza masaa ya jioni, baada ya shule, vilevile. Kutengeneza koki inayovuja ni kazi ya siku moja kama spea ipo. Na kama lazima tutoze kitu, basi tuanze na yule anayeosha pikipiki bombani wakati foleni inasubiri. Huyo nitampigia makofi mwenyewe.

Usafi nao tuudai, lakini tuudai kwa mpangilio. Tudai choo kwanza, maji kwanza, kisha tumwulize mama kwa nini mikono ya mtoto ni michafu. Tukianza na mama, tunamwuliza deni la mtu mwingine.

Kamati ya wazazi imekubali jambo moja dogo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wanafunzi wa P.5 na P.6 watakaa kwenye kila bomba kuanzia linapofunguliwa hadi linapofungwa, wawili wawili, na daftari. Wataandika masaa, idadi ya jerikani, muda ambao mtu wa mwisho kwenye foleni amesubiri, na hatua kutoka bomba hadi nyumba ya mbali kuliko zote. Wazazi wenye saa ya mkono au simu inayoonyesha saa, tunaomba mtuazime kwa siku hiyo, itarudi nzima. Kila mwenye nyumba amwambie mwanafunzi wa kweli ni watu wangapi wanalala kwake, asiongeze wala asipunguze, kwa sababu hesabu ya uongo watatugeuzia wenyewe. Madaftari yaletwe kwangu shuleni Jumatatu asubuhi. Watakaochelewa kwa sababu ya foleni ya maji, siku hiyo sitawaandika kwenye rejista, nitawaandika kwenye hesabu.